Mabanda ya mashua na chelezo katika mwambao wa Ziwa Nyasa

Namna ya kuhifadhi chombo katika mwambao wa Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, huamuliwa na uzito wa chombo, jinsi kilivyoundwa na mwenendo wa ziwa. Hapa hakuna maji kujaa na kupwa ya kukipandisha chombo nchi kavu kama baharini. Maji hupanda wakati wa mvua na kushuka hadi mwisho wa kiangazi, kwa takriban mita moja, na upepo wa kusini huleta mawimbi makubwa katikati ya mwaka.

Mtumbwi wa gogo hauhitaji banda. Adui yake ni jua, kwa kuwa gogo likikauka haraka hupasuka. Wavuvi huuburuta juu ya mstari wa mawimbi na kuuweka kivulini, au huufunika kwa nyasi.

Mashua ya mbao hufaa kuwekewa kibanda cha nguzo chenye paa la nyasi au bati, kikiwa wazi pande zote ili hewa ipite. Mkuku hulazwa juu ya magogo, mbali na mchwa, na mbavu hushikiliwa na magadi, yaani miti ya kuegemeza chombo. Hata kivulini, mashua isikauke kupita kiasi: mbao hunywea, maungio huachana na kalafati hulegea. Ndiyo maana mashua iliyokaa nchi kavu muda mrefu huloweshwa kabla ya kurudi kazini. Injini, nyavu na taa za kuvulia usipa hufungiwa stoo.

Banda lililojengwa juu ya maji hufaa ghuba tulivu yenye kina kisichobadilika. Katika Nyasa, sakafu isiyoelea huzama msimu mmoja na kubaki juu mno msimu mwingine.

Meli ya chuma huhitaji chelezo, yaani mteremko unaoingia majini. Meli huelekezwa juu ya kitoroli kilichozamishwa, hufungwa isiyumbe, kisha winchi hukivuta hadi bamba za chini, rafadha na usukani viweze kufikiwa na mafundi.

Udhaifu wa chelezo ulionekana Liuli, iliyoitwa Sphinxhafen na Wajerumani. Tarehe 13 Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa kwa matengenezo wakati meli ya Waingereza, Guendolen, ilipofika na kuishambulia. Nahodha wa meli ya Wajerumani, Berndt, alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza kati ya nchi hizo mbili. Meli iliyo chelezoni haiwezi kugeuka wala kuondoka, hivyo Hermann von Wissmann ilizimwa papo hapo. Waingereza walirudi Mei 1915 wakaiharibu zaidi. Baada ya vita waliikarabati na kuiita King George V.

Leo kazi ya kuunda meli kubwa za upande wa Tanzania hufanyika kaskazini, katika bandari ya Itungi wilayani Kyela. Huko ndiko ilikoundwa MV Mbeya II, iliyozinduliwa mwaka 2021.