Kuelea Kwanza

Sisi wa Zuzu, Dodoma, tunasifika kwa kituo cha kupoza umeme, si kwa bahari. Labda ndiyo sababu imenivutia kazi inayofanywa Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa mji wa Unguja: kuwaingiza majini wanafunzi wasiojua kuogelea, juu ya matumbawe yanayovunjika kwa teke moja, na kuwatoa wakiwa wamewaona samaki.

Wengi hudhani kikwazo ni kuogelea. Mimi nasema kikwazo ni uso. Mtu husimama kwenye maji ya kifua bila wasiwasi, lakini mwambie azamishe pua, ghafla anakumbuka ana shughuli nyumbani. Jaketi la kujiokolea linambeba, mrija unampa pumzi bila kuinua kichwa. Anabakiwa na kazi moja: kulala kifudifudi na kutulia. Asiyerusha miguu havunji tumbawe, na samaki hawamkimbii.

Mrija haufiki nusu mita, na kuna sababu. Ukirefushwa, hewa uliyoitoa hubaki ndani yake, unaivuta tena ileile. Na ukishuka mita moja tu, maji hukibana kifua kiasi kwamba kukipanua ni taabu. Miwani nayo huweka hewa mbele ya jicho, kwani jicho likigusana na maji huona ukungu. Ila mwanga hupinda ukitoka majini kuingia kwenye hewa hiyo, hivyo samaki kama changu huonekana mkubwa kwa theluthi moja kuliko alivyo. Tumbukiza fimbo kwenye karai la maji hata hapa Zuzu, utauona mpindo huohuo.

Vifaa hivyo vinanunulika popote. Nguvu ya Chumbe naiona kwa watu wake. Mradi ulianza 1991, hifadhi ikatangazwa 1994, na walioajiriwa kuwa walinzi ni wavuvi wa vijiji jirani. Hawakupewa bunduki, kazi yao ilikuwa kuzungumza na wavuvi wenzao, na kuongoza wageni majini. Yakatengenezwa pia maelezo yanayoelea, ili somo lisomwe palepale juu ya mwamba badala ya kusubiri darasani. Na mvuvi haambiwi habari za bamvua. Unguja maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita nne. Ukikosea saa, goti linakaa juu ya tumbawe. Tena maji kujaa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, jambo ambalo ratiba ya shule hailipendi hata kidogo.

Mara nyingi mtoto humsikia pono akitafuna mwamba, kra-kra, kabla hajamwona. Anageuza kichwa huku na huku bila mafanikio: majini sauti hukimbia zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na masikio yanashindwa kujua imetoka upande gani. Hapo mlinzi hunyoosha kidole.