Mikono Isiyo na Haraka

Mtoto wa Itaka, wilayani Mbozi, anaanza kutapika kila asubuhi. Kichwa kinamuuma, na akitembea anayumba. Mara nyingi hutibiwa malaria kwanza, kisha minyoo, na wiki zinapita. Wa kwanza kumwokoa ni tabibu anayemwomba atembee kwa kufuata mstari ulionyooka, anamtazama kwa makini, halafu anaandika rufaa: Vwawa, Mbeya, na mwisho, zaidi ya kilomita 800 kutoka nyumbani, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Hana hadubini wala mashine ya MRI. Ana macho yake, na anayatumia vizuri.

Huko MOI, picha ya ubongo ikionyesha uvimbe kwenye ubongo mdogo, upande wa kisogoni, mtoto hupewa dawa ya usingizi, akalazwa kifudifudi na kichwa kikashikiliwa kisitikisike. Mpasuaji huchana ngozi katikati ya kisogo, kisha hufuata mstari mweupe unaoitenga misuli ya kushoto na ya kulia, kwa sababu hapo damu ni chache. Mtoto wa kilo 15 ana damu inayozidi lita 1 kidogo tu. Ndiyo maana muuguzi hupima uzito wa vitambaa vilivyolowa. Keekee hutoboa na kukata mfupa, na kingo zinazovuja hupakwa nta. Utando mgumu ulio chini hufunguliwa kwa umbo la herufi Y. Hapo mpasuaji hutoa kwanza maji ya ubongo na kusubiri ubongo ulegee wenyewe.

Ndipo hadubini husogezwa. Mkono mmoja una mrija wa kufyonza, mwingine koleo nyembamba ya umeme inayoziba mishipa midogo kwa joto, huku maji ya chumvi yakidondoshwa ili tishu isiungue. Uvimbe haung'olewi. Humomonyolewa kutoka ndani, chembe kwa chembe, mpaka ganda lake linywee na liweze kubanduliwa. Wachumaji wa kahawa wa Mbozi wanaujua mwendo huu: tunda moja, kisha jingine, na tawi libaki zima. Vipande vya pamba vinavyokinga ubongo vina nyuzi ndefu, navyo huhesabiwa vyote kabla ya kufunga.

Ninachokistaajabia zaidi ni kuacha. Mbele ya uvimbe lipo shina la ubongo, linaloongoza pumzi, kumeza na mapigo ya moyo. Uvimbe ukishikamana nalo, mpasuaji hodari huacha tabaka jembamba hapo, ingawa amesimama kwa saa nyingi na angetamani kuumaliza. Kisha hushona utando kwa mishono ya karibu karibu, maji yasivuje.

Maabara ikithibitisha kuwa uvimbe ni wa aina inayokua polepole, na mabaki yakianza kukua tena, dawa mbili zinazotumika sana ni vinkristini na kaboplatini. Vinkristini hutokana na mmea wa Madagaska wenye maua ya rangi ya waridi, unaopandwa nje ya nyumba nyingi za Tanzania. Dozi hukokotolewa kutokana na urefu na uzito wa mtoto, baada ya chembe za damu kuhesabiwa. Muuguzi hutafuta mshipa kwa subira, huvuta damu kidogo kuhakikisha sindano imo ndani, na hakai mbali, kwani vinkristini ikivuja huunguza nyama. Ikichomwa kimakosa kwenye uti wa mgongo, huua. Kwa hiyo lebo husomwa na watu wawili, kwa sauti.

Kabla ya dozi nyingine, mtoto huombwa atembee kwa visigino. Vinkristini hudhoofisha neva za miguu, na vidole vya mguu vikianza kuburuzika sakafuni, daktari hupunguza dozi au huiahirisha. Huulizwa pia kama amepata choo, maana dawa hii hufungisha tumbo. Yote huandikwa kwenye faili, wiki baada ya wiki, kwa muda unaoweza kuzidi mwaka mmoja, na kipimo cha MRI hurudiwa kila baada ya miezi kadhaa.