Dawa Sahihi, Kipimo cha Sumu

Usiku wa manane, tarehe 26 Februari 2020, Airbus A321 isiyo na abiria iliruka kutoka Gatwick, London, kwenda Stansted, safari ya jirani tu. Ilipofika futi kama 500, injini ya kushoto ikaanza kupiga mishindo na kutoa moto. Marubani wakatangaza hatari na kugeuza. Mara onyo likawaka kuwa injini ya kulia nayo imeanza kukwama. Walipopunguza nguvu, injini zilitulia kiasi, wakatua salama dakika kama 11 baada ya kuruka.

Ndege hiyo ilikuwa imetoka kwenye matengenezo siku chache tu kabla. Huko ilitiwa Kathon, dawa ya kuua vimelea kwenye mafuta. Sababu ya kuitia inaeleweka. Maji kidogo hujitenga chini ya tangi, na pale yanapogusana na mafuta, kuvu na bakteria huzaliana na kuacha ute unaoziba machujio na kula bati. Kwa hiyo mafundi hutoa maji ya chini ya tangi mara kwa mara, na vimelea vikionekana, humaliza kazi kwa dawa.

Kipimo kilichotakiwa ni sehemu 100 kwa milioni. Chukua simtank ya lita 1,000: dawa yake ni mililita 100, kama nusu kikombe cha chai. Wachunguzi wa ajali za anga wa Uingereza walikuta ndege ile imetiwa mara 38 ya kipimo hicho. Kwa simtank yetu, hiyo ni karibu kopo zima la rangi la lita nne.

Fundi hakuwa mzembe wa kumwaga ovyo. Mwongozo ulitaja sehemu kwa milioni bila kuonyesha namna ya kuzigeuza kuwa ujazo, naye hakukizoea kipimo hicho. Alikwenda kutafuta kikokotoo kwenye intaneti. Namba iliyotoka ikawa ndiyo amri, na masalia ya dawa yakaishia ndani ya kifaa kinachopima mafuta yanayoingia kwenye injini.

Hapa ndipo kinga zetu za kawaida dhidi ya uchafu wa mafuta zinapofikia mwisho wake. Tunaoshughulika na mafuta tunafundishwa kuziba midomo ya mipira ya mafuta, kutumia makopo safi, kusoma lebo kabla ya kumimina. Yote hayo hutafuta kitu kigeni. Kathon haikuwa kitu kigeni: ilikuwa dawa iliyoidhinishwa, kwenye tangi lililostahili. Uchafu uliingia kwa njia ya hesabu.

Wala halikuwa tukio la kwanza kuhusisha Kathon. Mwaka 2019, Boeing 787 iliyokuwa ikishuka kwenda Osaka, Japani, iliona injini zake mbili zikipoteza nguvu kwa muda. Nayo ilikuwa imetiwa Kathon.

Mtengenezaji ameshaiondoa Kathon kwenye mafuta ya ndege, lakini vipimo vya sehemu kwa milioni bado vipo. Basi kikokotoo kiondolewe mikononi mwa fundi aliye juu ya ngazi saa nane usiku. Karatasi ya kazi imwandikie: mafuta yaliyomo ni lita hizi, dawa ni mililita hizi. Mwenzake apige hesabu upya kwa kalamu yake, bila kuchungulia jibu la kwanza, na kopo lisifunguliwe mpaka namba mbili zilingane.