Nguo, Sitara na Picha: Mchoro Mmoja wa Michael Armitage

Mnamo Novemba 2014, katika kituo cha mabasi mjini Nairobi, kundi la wanaume lilimvua mwanamke nguo kwa nguvu, likidai kuwa mavazi yake hayakuwa ya heshima. Tukio lilinaswa katika video, na video ikasambaa nchini. Tarehe 17 ya mwezi huo wanawake waliandamana. Desemba sheria ikarekebishwa, na kumvua mtu kwa nguvu kukawa kosa la jinai lenye adhabu yake mahsusi. Mwaka 2015 Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, alichora kwa rangi za mafuta picha iitwayo #mydressmychoice, jina lililotokana na wito wa waandamanaji.

Je, mchoro wa namna hii humsitiri aliyedhalilishwa, au humvua mara ya pili? Mhakiki aliyezoea kutenga maudhui na fani atajibu upesi kuwa maudhui ni ya kumtetea mwanamke, basi mchoro ni mwema. Jibu hilo halitoshi. Hata aliyeisambaza video kwa kukemea aliwaonyesha wengine mwili uleule. Hukumu imo katika fani.

Video huenda mbele, na mtazamaji hungojea kitakachofuata; kungojea huko tayari ni kushiriki. Armitage ameukata mwendo huo. Mwanamke amelala ubavu, amempa mtazamaji mgongo, kwa mkao wa Venus wa Velázquez aliyeko National Gallery, London. Wanaume wanaonekana miguu. Aliyezoea kuisifu Venus kwa uzuri wake tu hujikuta amesimama safu moja na wenye miguu hiyo. Mbinu hiyo ni kali, lakini ina hatari yake: mkao ni wa raha, na raha hiyo nusura imeze kilio. Hapo ndipo mchoro unapolegea.

Jina nalo lina mambo. Kulifasiri "uchaguzi wangu" ni kulipeleka kwenye masanduku ya kura. "Hiari yangu" hukaribia zaidi. Msomaji wa pwani atakumbuka leso. Huko Mkwiro, ncha ya mashariki ya kisiwa cha Wasini, penye wasemaji wa Chifundi, lahaja aliyoiandikia H. E. Lambert mwaka 1958, nguo yenye maneno si jambo geni: leso ina jina lake, na mwanamke huweza kuichagua kwa ajili ya jina hilo, ili isema asilotaka kulitamka. Kwa kipimo hicho jina la Armitage ni jina la leso hasa, ila limebandikwa juu ya mtu asiye na leso, na aliyelibandika si yeye.

Lakini kuna nguo nyingine, nayo ndiyo inayouokoa mchoro. Armitage hakuchora juu ya turubai. Alichora juu ya lubugo, nguo ya gome la mti itokayo Uganda, ambayo ufundi wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Waganda huwavika wafu wao nguo hiyo. Gome hupondwa hadi likatanuka, na palipotoboka hushonwa. Mchoraji ameiacha mishono na matundu yaonekane. Kwa hiyo mwili uliovuliwa kituoni umelazwa juu ya sanda, na mtazamaji hawezi kuufikia kwa macho bila kupita kwanza kwenye nguo.