Zamu Isiyo na Msimamizi

Kihisi kilichoachwa msituni huishi kwa betri, na ikiisha, mara nyingi hakuna wa kwenda kuibadilisha. Kinachoila zaidi betri hiyo ni redio. Kwa hesabu inayotumiwa na watafiti wengi, kurusha biti moja umbali wa mita 10 hugharimu nanojouli 60. Kwa mita 100 gharama hupanda hadi 1,050. Anayebuni itifaki ya mtandao wa vihisi hupimwa kwa namna anavyougawa mzigo huo.

Ndiyo maana naistahi itifaki ya LEACH, iliyotolewa Januari 2000 na Wendi Heinzelman, Anantha Chandrakasan na Hari Balakrishnan wa MIT, Marekani. Vihisi hujipanga makundi. Katika kila kundi kimoja huwa kiongozi: hukusanya data za wenzake, huzifupisha, kisha hubeba peke yake gharama ya kuzirusha hadi kituo kikuu. Wengine husema kwa nafasi walizopangiwa, na nje ya nafasi hizo huzima redio.

Uongozi huo unaua betri, hivyo lazima uzunguke kama upatu. Ila hapa hakuna kijumbe. Kila kihisi hujichagulia namba ya bahati kati ya 0 na 1. Ikiwa chini ya kizingiti, kinashika zamu. Tuseme viongozi wanaotakiwa ni asilimia 5. Mzunguko wa kwanza kizingiti ni 0.05. Kufikia wa 11, kwa ambavyo havijaongoza, kimepanda hadi 0.1. Mzunguko wa 20 ni 1 kamili: aliyekwepa mpaka hapo hana pa kukimbilia. Kisha hesabu huanza upya. Haki yote hiyo imo ndani ya mgawanyo mmoja mfupi, na hakuna kihisi kinachohitaji kujua mwenzake ana hali gani.

Waliofuata waliona mapengo. PEGASIS iliacha makundi ikapanga mnyororo: kila kihisi huzungumza na jirani tu, na mmoja hurusha kwa niaba ya wote. Nishati inaokolewa, lakini ujumbe huchelewa njiani. HEED, ya mwaka 2004, ilitazama kwanza nani amebakiwa na nishati nyingi, jambo ambalo bahati nasibu ya LEACH hailijui. TEEN hunyamaza mpaka kipimo kivuke kiwango. Inafaa kwa kuvizia moto, ila kimya kikizidi huwezi kujua kama kihisi kimetulia au kimekufa.

Kwa eneo pana ambako kituo kikuu hakifikiki kwa mruko mmoja, LEACH ya asili nisingeichagua. Lakini anayeanza kujifunza fani hii aikokotoe kwa mkono, mizunguko yote 20, kabla ya kufungua programu yoyote ya kuigiza mtandao.