Ndege Bila Meli: Uhakiki wa Filamu Moja na Silaha Iliyomo Ndani Yake

Katika kibanda kimoja cha kuonyeshea video hapa Mnyuzi, wilayani Korogwe, si mbali na reli ya Tanga, filamu ya Marekani iitwayo True Lies ingali inaonyeshwa, ingawa ilitoka mwaka 1994. Vijana wenyewe hukiita kibanda umiza, na aliyekaa juu ya mabenchi yake kwa saa mbili haulizi sababu. Filamu hiyo wanaifahamu kiasi kwamba humtangulia msimulizi kwa maneno. Lakini inapofika sehemu ya mwisho, kibanda kizima hunyamaza. Arnold Schwarzenegger anapanda ndege ya kivita aina ya Harrier, ndege inasimama hewani kando ya jengo refu la mji wa Miami kama kipanga aliyeona kifaranga, na binti yake anaokolewa.

Mhakiki anayeikataa filamu hii kwa sababu tu imetoka kwa mabeberu hafanyi kazi ya uhakiki. Anapiga kelele. James Cameron, aliyeiongoza, ni fundi. Sehemu hiyo ya mwisho imepangwa vizuri, inachekesha na inatisha kwa wakati mmoja. Tangu mwaka 1994 Wamarekani wenye asili ya Kiarabu waliilalamikia kwa jinsi ilivyowachora Waarabu, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Hilo limekwisha semwa sana na sitalirudia. Lililosemwa kidogo ni juu ya ile ndege, ambayo kwa maoni yangu ndiyo mhusika mkuu wa filamu.

Hoja yetu ni hii: filamu imeionyesha ndege na kuificha meli.

Ndege zilizotumika katika kupiga picha zilikuwa ndege halisi za jeshi la Marine la Marekani. Jeshi hilo ni la kuvuka bahari na kuteremka katika fukwe za watu wengine. Ndege yake inayopaa kwa mbio fupi na kutua wima ilichaguliwa kwa kazi hiyo: ikae juu ya sitaha ya meli ndogo kuliko zile kubwa za kubebea ndege, iifuate meli popote iendako, na isihitaji kiwanja cha mtu yeyote nchi kavu. Katika filamu hatuoni sitaha wala ufuko wa mtu mwingine. Ndege inatokea angani mwa Florida, nyumbani kwake, inavunja daraja ili kuwazuia maadui, kisha inamwokoa mtoto. Chombo cha kuwafuata watu kwao kimegeuzwa kuwa chombo cha baba anayelinda familia yake. Hiyo ndiyo kasumba ya filamu hii, na ina nguvu kwa sababu haikutamkwa hata kwa neno moja.

Filamu imeficha pia udhaifu wa ndege yenyewe. Harrier huinuliwa na injini moja yenye midomo minne inayogeuzwa kuelekea chini. Kusimama hewani hula mafuta vibaya sana, na ndege yenye shehena kamili ya mabomu haiwezi kupaa wima. Ndiyo maana hupaa kwa mbio fupi na kutua wima tu, wakati mafuta yamepungua na mabomu yametumika. Injini hupozwa kwa maji yanayobebwa ndani ya ndege, na maji hayo huisha kwa muda wa dakika moja na nusu hivi. Tena hewa ya joto ni nyepesi, kwa hiyo katika bahari zetu nguvu ya kuinua hupungua zaidi. Schwarzenegger anaelea pale Miami muda mrefu kupita kiasi, anapigana na kuzungumza, na injini wala haimwulizi kitu.

Injini hiyo inaitwa Pegasus. Msomaji wa Zanzibar atakumbuka jina hilo: manowari ya Kiingereza iliyozamishwa na manowari ya Kijerumani Königsberg katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914 nayo iliitwa Pegasus. Jina kufanana ni bahati tu. Yaliyofuata hayakuwa bahati. Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji, na Waingereza, ambao hawakuwa na kiwanja cha ndege katika pwani hii, walileta ndege kwa meli. Zilikuwa ndege za kuelea juu ya maji. Joto na unyevu viliziharibu, na baadhi yake zilishindwa hata kupanda juu ipasavyo. Hata hivyo, mwezi Julai 1915 marubani walioruka kutoka kisiwa cha Mafia ndio walioielekeza mizinga ya meli, na tarehe 11 Julai Königsberg ikaangamizwa. Kwa hiyo ndege za kivita ziliingia katika vita vya pwani yetu zikiwa zimebebwa na meli. Vita vyenyewe havikuwa vyetu.

Mara ya pili inatugusa zaidi, nayo haina budi kuelezwa bila kupaka rangi. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo. Uingereza haikuvamia. Serikali yetu wenyewe iliomba msaada. Asubuhi ya tarehe 25 Januari helikopta ziliruka kutoka meli ya kubebea ndege iitwayo Centaur, iliyokuwa imetoka Aden, zikawateremsha makomando wa majini kando ya kambi, na maasi ya pale yakazimwa asubuhi hiyo. Jeti za Centaur zilihitaji mitambo ya kuzirusha na kamba za kuzikamata. Kilichotua wima siku hiyo kilikuwa helikopta. Mwalimu Nyerere hakuwaficha wananchi kwamba ilikuwa aibu. Mwezi Februari aliwaita mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, askari wa Nigeria wakaja kuchukua nafasi ya Waingereza, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Sasa tuitazame Centaur na jamaa zake. Ilikuwa na meli dada iliyoitwa Hermes. Centaur ilivunjwa mwaka 1972, lakini Hermes iliendelea kuishi. Ilijengewa mwinuko wa digrii 12 kwenye ncha ya sitaha ili jeti za Sea Harrier zirushwe juu kwa mbio fupi, na mwaka 1982 ikawa meli ya amiri katika vita vya visiwa vya Falkland, kama kilomita 13,000 kutoka Uingereza. Bila ndege hizo Waingereza wasingethubutu kwenda. Baadaye iliuzwa kwa India, ikaitwa Viraat, ikatembea katika bahari hii yetu ya Hindi hadi ilipostaafishwa mwaka 2017. Ukoo mmoja wa meli, kutoka helikopta za Colito hadi jeti za kutua wima. Nasaha kwa msimulizi wa kibanda chetu: hadithi hii inasisimua kuliko ya Miami, naye hajaisimulia bado.

Kwa nini mabeberu walizipenda sana silaha hizi wakati ule ule makoloni yalipokuwa yanajikomboa? Jibu limo katika ramani. Nchi huru inaweza kusema hapana. Mwaka 1964 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliitaka Marekani iondoe kituo chake cha kufuatilia vyombo vya anga, na kikaondolewa. Mwaka 1971 Tanzania ilishirikiana na Sri Lanka katika Umoja wa Mataifa hadi likapitishwa azimio namba 2832, la kuitangaza Bahari ya Hindi kuwa eneo la amani. Meli yenye jeti za kutua wima haimwombi mtu kiwanja. Inasimama katika bahari kuu, ambako sheria haimzuii, na neno hapana halimfikii. Tarehe 27 Septemba 2018 jeti za Marekani aina ya F-35B ziliruka kutoka meli Essex katika Bahari ya Arabuni na kushambulia Afghanistan, nchi isiyo na pwani hata hatua moja. Kati ya Desemba 2020 na Januari 2021 jeti za aina hiyo kutoka meli Makin Island zilikuwa juu ya Somalia, wakati Wamarekani wakiwahamisha askari wao.

Kutoka Mnyuzi hadi bandari ya Tanga ni kama kilomita 60 kwa mstari ulionyooka. Jeti iendayo kilomita 900 kwa saa hutumia dakika nne.

Nilipoyaeleza haya pale nje ya kibanda, kijana mmoja alinijibu kwa heshima, lakini kwa uthabiti: "Sawa, mzee. Basi na sisi tununue moja. Tukiwa na meli moja tu yenye ndege hizi, nani atatuchezea?" Wenzake walimpigia makofi. Hoja hiyo isidharauliwe, maana hata mataifa yameshawishika nayo: kwamba ndege ya kutua wima ndiyo njia ya nchi maskini kuwa na nguvu baharini kwa bei nafuu. Thailand ilijaribu. Mwaka 1997 ilipokea meli mpya, Chakri Naruebet, pamoja na ndege za Harrier zilizokwisha tumika Hispania. Mwaka huo huo uchumi wake ukaanguka. Vipuri vikawa adimu, ndege zikakaa chini, na kufikia mwaka 2006 zilikuwa zimestaafishwa zote. Meli ikabaki bila jeti.

Wala tajiri mwenyewe hajasalimika. Tarehe 14 Juni 2025 F-35B ya Waingereza, ndege inayogharimu zaidi ya dola milioni 100, ilishindwa kurudi kwenye meli yake Prince of Wales ikatua katika uwanja wa Thiruvananthapuram, Kerala. Kisha ikaharibika. Ilikaa pale zaidi ya wiki tano, hadi 22 Julai, na watu wa Kerala wakaifanyia mzaha kama mgeni aliyekataa kuondoka. Ndege iliyobuniwa isihitaji kiwanja cha mtu iliokolewa na kiwanja cha mtu.

Nilimwambia yule kijana kwamba mwaka 1964 shida yetu haikuwa kukosa meli. Askari walikuwa na madai ya mishahara, na bado walikuwa chini ya maofisa wa Kiingereza zaidi ya miaka miwili baada ya uhuru. Meli ilipita katika mlango tulioufungua wenyewe. Hakukubali mara moja. Aliuliza kama Somalia nayo ilifungua mlango, na nani aliufungua kwa niaba ya nani, na swali hilo lilituweka pale mpaka mwenye kibanda akazima jenereta.

Kuhusu filamu, itazameni. Ni burudani ya hali ya juu, na haina ukweli juu ya kitu inachokisifu. Ila wasimulizi wetu wa Kiswahili, ambao tayari huongeza maneno yao wenyewe kila penye nafasi, hawana sababu ya kunyamaza ndege ile inapotokea. Waseme imetoka wapi.