Giza la Night of the Living Dead: lilivyopotea na lilivyorudishwa

Mwenye rafu ya filamu za kutisha nyumbani huenda ana nakala mbili au tatu za Night of the Living Dead bila kukusudia. Filamu hii ya George A. Romero huuzwa peke yake, huchanganywa na nyingine kwenye diski za mkusanyiko, na kwenye intaneti inapatikana bure bila kosa lolote kisheria. Chanzo ni uzembe mdogo wa usambazaji. Ilipopigwa mwaka 1967, karibu na mji wa Evans City huko Pennsylvania, haikuwa na jina tunalolijua leo. Msambazaji wake, Walter Reade, alibadilisha jina, na alama ya hakimiliki iliyokuwa pamoja na jina la zamani ikaondoka nalo. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilitaka alama hiyo ionekane kwenye nakala zinazotolewa kwa umma. Hivyo filamu ilipoingia sokoni Oktoba 1968, tayari ilikuwa mali isiyo na mwenyewe.

Fedha walizopoteza Romero na wenzake zimezungumzwa sana. Kinachoniuma mimi ni kilichoipata picha. Kila aliyetaka kuuza alinakili kutoka nakala iliyokuwa karibu naye, kisha mwingine akanakili kutoka kwake. Katika filamu ya nyeusi na nyeupe, kila mara nakala inapozaa nakala, kinacholiwa kwanza ni kijivu. Kijivu kizito huwa cheusi tii, chepesi huwa cheupe kabisa, na vyote vilivyokuwa katikati havionekani tena.

Na filamu hii imejengwa kwa kijivu. Romero aliongoza, akashika kamera na akahariri mwenyewe, kwa bajeti iliyofika kama dola 114,000. Ndani ya nyumba ya shamba, ambamo Ben na wengine wamejifungia kuwakwepa wafu waliofufuka, hakutandaza mwanga sawasawa. Aliutupa kutoka upande mmoja, mara nyingine kutoka chini, vivuli vikapanda ukutani huku kamera ikiwa imeinamishwa. Tazama Ben anapopigilia mbao madirishani: nusu ya uso iko kwenye mwanga, nusu gizani, na humo gizani jicho bado linaonekana likipima mlango. Duane Jones, mwigizaji Mweusi aliyecheza Ben, anaigiza kwa utulivu wa mtu anayeimeza hasira yake, na karibu yote yako usoni. Nakala mbovu inamfanya kuwa umbo tu. Kwangu, hapo ndipo uharibifu ulipokuwa mkubwa kuliko penginepo.

Chukua na tukio la chini ya nyumba, binti Karen anapochukua mwiko wa mwashi na kumshambulia mama yake. Romero halionyeshi jeraha. Anakata haraka: mkono unapanda, uso wa mama, kivuli, damu inarukia ukuta. Damu yenyewe ilikuwa sharubati ya chokoleti, ambayo kwenye nyeusi na nyeupe ina uzito na mng'ao unaofaa. Mayowe yalipitishwa kwenye mitambo ya sauti mpaka yakaacha kufanana na sauti ya binadamu. Mpangilio huu unamtaka mtazamaji aone kidogo, lakini akione hicho kidogo sawasawa. Picha ikiwa tope, hofu inageuka kuwa vurugu.

Mwisho unateseka kwa namna nyingine. Ben anaokoka usiku kucha, kisha asubuhi anapigwa risasi na raia wenye bunduki waliodhani ni mmoja wa wafu. Papo hapo picha zinaacha kutembea. Tunapewa picha mnato zenye chembechembe nzito, kama za gazetini, za mwili wake ukiburutwa kwa kulabu. Mshtuko unatokana na mabadiliko hayo ya ghafla. Filamu ikiwa imejaa chembechembe tangu dakika ya kwanza, mabadiliko hayo hayahisiki.

Mwaka 2016 jumba la makumbusho la MoMA la New York, pamoja na The Film Foundation, lilikamilisha ukarabati wa 4K kutoka kwenye negativi halisi. Romero mwenyewe alishiriki kuusimamia kabla ya kufariki Julai 2017, na mwaka 2018 kampuni ya Criterion ikautoa kwenye diski. Kijivu kimerudi. Uso wa Ben umerudi.

Kwa hiyo, unayekusanya, usinunue kwa kuangalia picha ya jaladani. Soma nyuma: kama hapatajwi ukarabati wa 4K kutoka kwenye negativi, irudishe ulipoitoa. Nakala zilizopakwa rangi ziache. Ukifika nyumbani, zuia televisheni isivute picha kujaza kioo, maana filamu ilipigwa karibu mraba na mistari myeusi ya pembeni ni sahihi. Zima pia mpangilio wa kulainisha mwendo na punguza ule wa kukoleza kingo. Kisha zima taa, uitazame dakika zote 96 bila kusimamisha.